Mgombea akisema "nitaondoa umaskini", ameahidi nini hasa? Dini, kura na dagaa wa Igombe

Igombe, upande wa Ilemela jijini Mwanza, siku ya dagaa huanza kabla ya adhana ya alfajiri. Mitumbwi iliyolala ziwani inarudi na taa zake, akina mama wanaingia majini hadi magotini kupokea ndoo, bei inapatana kwa kelele kidogo, halafu mzigo unamwagwa mchangani na kutandazwa. Jua likiwa zuri, alasiri dagaa wamekauka, wanaingia kwenye magunia, wanasubiri gari la kwenda soko la Mwaloni Kirumba. Mvua ikishuka saa nne asubuhi, hesabu yote imeharibika. Dagaa wanalowa, wanageuka rangi, wanaanza kunuka, na anayekuja kuwanunua si mchuuzi wa Kirumba tena bali mtu wa chakula cha kuku, kwa bei anayoitaka yeye.

Hatua chache kutoka hapo unaweza kukuta chanja: meza ndefu ya miti iliyotandikwa wavu, imeinuliwa kutoka chini. Dagaa wa chanjani hukauka upesi kwa sababu hewa inapita juu na chini, hawana mchanga, na wingu likitanda wanafunikwa turubai mara moja. Bei yao sokoni ni nyingine kabisa. Kinachomtenganisha mama wa mchangani na mama wa chanjani si bidii, maana wote wameamka saa kumi usiku. Ni miti, wavu, turubai, na pesa ya kununulia vitu hivyo. Na kwa wengi, pesa iliyo karibu ni ile ya kausha damu, mkopo unaotolewa bila maswali mengi na kudaiwa bila huruma.

Nimeanza na dagaa ili tuwe na kitu cha kushika mkononi tunapochambua sentensi ambayo kila msimu wa kampeni inasemwa hapa Kanda ya Ziwa: "Nikichaguliwa, nitaondoa umaskini." Viongozi wa dini huwataka wagombea waahidi hivyo, na wagombea huahidi bila kusita. Waumini hupiga makofi, dua inaombwa, msafara unaondoka na vumbi lake. Miaka mitano inapita. Ndani ya ahadi ile kulikuwa na nini? Nani alikuwa na uwezo wa kuitimiza? Na mtu wa dini ana haki gani ya kuidai?

Umaskini upi?

Serikali ina namna yake ya kupima. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, na ule wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30, unapata kama shilingi 1,640 kwa siku, ndani yake kikiwemo chakula, nguo, mafuta ya taa, sabuni na mengineyo. Kwa kipimo hicho, asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari, kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12. Vijijini ilikuwa asilimia 31.3. Kuna mstari mwingine chini ya huo, wa chakula peke yake, shilingi 33,748 kwa mwezi, na asilimia 8 walikuwa hawaufikii hata huo.

Miaka miwili baadaye, Julai 2020, Benki ya Dunia ikaiingiza Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Wengi walichanganyikiwa, na nilisikia watu wakigombana juu ya jambo hili ndani ya daladala: tumekuwaje nchi ya kipato cha kati na mimi sina nauli ya kurudi? Hakuna uongo pale. Kipato cha kati ni wastani: unachukua pato lote la nchi na kuligawa kwa idadi ya watu. Wastani unaweza kupanda kwa sababu ya dhahabu ya Geita na majengo ya Dar es Salaam huku mchanga wa Igombe ukibaki vilevile.

Tena huo mstari wenyewe hausimami mahali pamoja katika maisha ya mtu. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzishwa, na mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, unakuwa kimya. Kwa hiyo kaya inayoishi kwa dagaa inaweza kuwa juu ya mstari kwenye giza na chini yake kwenye mbalamwezi, mwezi baada ya mwezi, bila jina lake kuonekana katika hotuba yoyote. Uliza mama wa dagaa umaskini ni nini, hatakutajia asilimia. Atakutajia mvua, mbalamwezi na siku ya marejesho.

Waislamu wana elimu ya zamani juu ya jambo hili ambayo naona ingetusaidia sote. Kurani, katika Surat At-Tawba aya ya 60, inapotaja wanaostahili zaka huanza na mafakiri na maskini, watu wa aina mbili. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yameenea kwetu, fakiri ndiye wa chini zaidi: hana kitu, au alichonacho hakikaribii haja yake. Maskini anacho kitu, ila hakimtoshi. Ni karibu sana na mistari miwili ya Ofisi ya Takwimu. Na dawa zao si moja. Fakiri anahitaji kushikwa mkono leo. Maskini wa Igombe, anayefanya kazi kuanzia saa kumi usiku, anahitaji kuondolewa kinachomrudisha nyuma kila anapopiga hatua.

Ndiyo maana ahadi ya "kuondoa umaskini" inaweza kuwa ahadi tatu tofauti zilizovaa kanzu moja. Inaweza kuwa ruzuku kwa kaya zilizo hoi, kama ule Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Inaweza kuwa huduma zinazopunguza gharama ya kuishi. Wanaokaa juu ya vilima vya mawe vya Mwanza wanajua bei ya ndoo ya maji iliyopandishwa kwa kichwa, ziwa likiwa linaonekana pale chini. Au inaweza kuwa mabadiliko katika namna mtu anavyopata riziki: mikopo, ushuru, soko, chanja. Mgombea asiyesema ni ipi kati ya hizo, kwa kweli hajaahidi kitu.

Katiba imeahidi, mahakama haiwezi kudai

Hapa pana fundo ambalo watu wengi hawalijui, nami nililijua nikiwa mtu mzima.

Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama huku huku kwetu kando ya ziwa, aliwafundisha Watanzania maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Maadui hao wamo ndani ya Katiba ya 1977. Ibara ya 9 inaelekeza kwamba matumizi ya utajiri wa Taifa yatilie mkazo maendeleo ya wananchi, na hasa yaelekezwe kwenye jitihada za kuondosha umaskini, ujinga na maradhi. Kwa hiyo mgombea anayeahidi kupambana na umaskini hajatoa zawadi. Ametaja wajibu ulioandikwa kabla yeye hajafikiria kugombea.

Ila rudi nyuma ibara mbili. Ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Maana yake, mama wa Igombe hawezi kwenda Mahakama Kuu pale Mwanza akadai kwamba halmashauri imeshindwa kuelekeza utajiri wa Taifa kwenye umaskini wake. Jaji hana pa kuanzia.

Basi wajibu huu unadaiwa wapi? Unadaiwa kwenye kura, na mahali pengine ni pachache sana. Hii ndiyo sababu ya kina, kuliko zote nilizowahi kusikia, ya jumuiya za dini kuwakabili wagombea juu ya umaskini. Kipindi cha uchaguzi ndicho wakati pekee ambapo mwenye deni anakuja mwenyewe mlangoni kwa mwenye kudai.

Viti vitatu, funguo tofauti

Kosa kubwa tunalolifanya ni kuuliza swali moja kwa wote. Tunamwuliza diwani juu ya bei ya dola, tunamwuliza mgombea urais juu ya karavati la mtaani. Wote wanajibu "tutalishughulikia", kwa kuwa swali halikumgusa hata mmoja.

Diwani ndiye aliye karibu zaidi na chanja, ingawa watu humwona mdogo. Baraza la madiwani ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri na sheria ndogo, zikiwemo zile za ushuru unaokusanywa mialoni na sokoni. Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirudi na vikundi vingine havikuwa na uhalisia, kisha ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu uliorekebishwa. Huo ndio mpinzani halali wa kausha damu. Kwa hiyo swali la diwani halipaswi kuwa "utaondoaje umaskini?" Liwe hivi: ile asilimia 10 ilikwenda kwa vikundi gani vya kata yetu, orodha ibandikwe wapi, na kikundi cha waanika dagaa kinachoomba pesa ya chanja kitajibiwa ndani ya siku ngapi? Na lingine: katika ushuru unaotoka mwaloni, kiasi gani kinarudi mwaloni kwa choo, maji safi na sehemu ya kuanikia?

Mbunge ana kiti kisichoeleweka vizuri. Anaahidi hospitali, barabara na visima kama vile ana hazina yake nyumbani. Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia mambo ya kutoza kodi au kutumia fedha za mfuko mkuu isipokuwa pendekezo litoke kwa Rais, likiwasilishwa na waziri. Mbunge anaweza kuhoji, kubana, kukataa, kushawishi, na pia anasimamia Mfuko wa Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Hawezi peke yake kuamuru fedha zitoke. Basi aulizwe yaliyo mikononi mwake: Mfuko wa Jimbo utautumiaje, na taarifa yake ataisoma wapi na lini? Bungeni atapiga kelele juu ya jambo gani moja la uvuvi mpaka lieleweke?

Rais na mawaziri wake ndio wenye funguo kubwa: kodi, mrabaha wa mazao ya uvuvi yanayokwenda nje, leseni za madini, ukubwa wa mpango wa kunusuru kaya, mikopo ya vizimba vya samaki. Mchuuzi wa Kirumba anayepeleka dagaa hadi Kongo anajua kuwa tozo ikibadilika Dodoma, bei ya ndoo inabadilika Igombe ndani ya siku chache, na anayebeba tofauti hiyo mwishoni ni yule aliye mchangani.

Na usimsahau mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Uchaguzi wake huwa mwaka mmoja kabla ya ule mkuu, na watu wa dini huwa hawajaamka bado. Lakini kaya za TASAF huibuliwa mbele ya mkutano wa jamii ile ile, na fomu nyingi za mikopo ya vikundi huanzia ofisini kwake.

"Msichanganye dini na siasa"

Sentensi hii hutolewa kila viongozi wa dini wanapouliza jambo gumu. Ichunguzwe kwa haki, maana ina ukweli ndani yake.

Katiba, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kuabudu na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Sheria ya Vyama vya Siasa inakataza chama kusajiliwa kwa msingi wa dini. Maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni ndani ya nyumba za ibada. Naziunga mkono sheria hizi zote. Katika mji kama Mwanza, ambapo Mkatoliki, muumini wa Africa Inland, Mlutheri, Mwanglikana, Msabato na Mwislamu wanachangia ukuta mmoja wa nyumba ya kupanga, mimbari kumpigia debe mgombea ni kuchezea kiberiti kwenye nyasi kavu.

Lakini kumpigia mtu debe na kuwauliza wagombea wote swali lile lile, hadharani, ni vitu viwili. Cha kwanza kinagawa waumini. Cha pili kinawapa waumini wote, wa chama chochote, kipimo kimoja. Tena hatusikii onyo la kuchanganya mtu anapolazwa Bugando. Hospitali hiyo ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikataifishwa 1972, ikarudishwa kwa Kanisa 1985 kwa makubaliano, na mpaka leo inahudumia Kanda ya Ziwa kwa ubia na Serikali. Dini imeruhusiwa kumfunga jeraha maskini kwa miongo mingi. Haiwezi kukatazwa kuuliza ni nani anayemjeruhi.

Historia yetu inaonyesha njia hii imepita wapi na imekwama wapi. Mwaka 2009, taasisi ya Kikatoliki ilitoa waraka wa kupendekeza vipaumbele vya kitaifa kuelekea uchaguzi wa 2010, ili waumini wavitumie kuwapima wagombea. Ukazua moto. Mwanasiasa mkongwe Kingunge Ngombale-Mwiru alitaka uondolewe kwa hofu ya kuligawa taifa, na muda si mrefu Shura ya Maimamu ikatoa mwongozo wake kwa Waislamu. Mjadala ukahama kutoka vipaumbele kwenda kwenye dini: nani kaanza, nani anataka nini. Umaskini ukasahaulika katikati. Sidhani kosa lilikuwa kutoa waraka. Kosa, kwa macho yangu, ni kwamba kila nyumba ilitoa wake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo jambo lingine lilikuwa limefanyika kwa utulivu zaidi. Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, walikuwa wamekaa meza moja na kutoa ripoti ya 2008 juu ya dhahabu: nchi inapata nini, migodi inalipa nini, watu wanaoizunguka wanaishije. Mmoja wa waandishi wake wawili alikuwa Tundu Lissu. Mwaka 2012 kamati ya pamoja ya viongozi hao wa dini ikatoa nyingine, ikionyesha kuwa nchi ilikuwa inapoteza zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka kupitia misamaha ya kodi na utoroshaji wa fedha. Askofu na shehe walikuwa wamesimama bega kwa bega na karatasi yenye tarakimu, na ilikuwa vigumu kuwaambia watu hao kuwa wana udini. Sheria ya madini ya 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, na ya 2017 hadi 6. Sauti zilikuwa nyingi, sitadai ni kazi ya viongozi wa dini peke yao. Ila walikuwepo, na walikuwa na hesabu.

Nje ya mipaka yetu kuna mfano mwingine unaotugusa kuliko tunavyodhani. Kampeni ya Jubilei ya kufuta madeni ya nchi maskini, iliyofikia kilele mwaka 2000, ilichota wazo lake kutoka Walawi 25, mwaka wa kuachilia. Makanisa ya Ulaya na Marekani yaliwabana wanasiasa wao. Tanzania ikamaliza masharti ya mpango wa msamaha wa madeni Novemba 2001, na mpango wa elimu ya msingi ulioanza 2002 ulikuja na kufutwa kwa ada. Watoto walifurika madarasani hadi wakakaa chini. Huko Marekani, muungano wa viongozi wa Kikristo uitwao Circle of Protection uliwaomba wagombea urais wa 2012 warekodi video fupi wakieleza watawafanyia nini wenye njaa na maskini. Obama na Romney wote walituma. Ninachokipenda hapo ni kwamba swali lilikuwa moja kwa wote na jibu likabaki na ushahidi.

Bahasha

Sasa nafika mahali panaponiuma.

Mwaka mmoja wa uchaguzi nilikuwa kanisani kwetu siku ya harambee ya paa. Mtia nia mmoja aliingia katikati ya ibada, akapewa kiti cha mbele, na baadaye akaitwa "kusalimia". Alisalimia kwa bahasha. Mabati kadhaa yakatajwa, vigelegele vikapigwa, na mzee wa kanisa akamwombea kwa jina. Kamati yetu ya haki na amani ilikuwa na karatasi ya maswali sita, tumeiandaa wiki mbili. Hatukuisoma. Hakuna aliyetukataza. Ilikuwa tu haiwezekani tena, mabati yakiwa yameshaandikwa kwenye kitabu. Nilirudi nyumbani na karatasi ile mfukoni, na nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi.

Wenyewe tunasema mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo imefanya kazi nyingi katika siasa zetu. Kuna wakati hata sheria ya uchaguzi iliita jambo hili takrima na kulihalalisha, mpaka Mahakama Kuu ilipolitupa nje mwaka 2006, kwa kesi iliyofunguliwa na asasi za kiraia. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikaongeza vizuizi. Lakini mchango wa nyumba ya ibada una mlango wake wa nyuma, kwa kuwa nani atamkataza mtu kumtolea Mungu?

Tuelewane vizuri juu ya yule mama wa dagaa anayepokea khanga na kilo ya sukari. Simlaumu. Kwake, hicho ndicho kipande pekee cha Serikali kitakachomfikia kwa miaka mitano, na anajua hivyo. Umaskini wake ndio unaomfanya awe rahisi kununuliwa, na kununuliwa kwake ndiko kunakomwacha maskini. Jumuiya ya dini ndiyo ingekuwa mtu wa tatu wa kukata kamba hiyo, kwani haiko sokoni. Ikishapokea bahasha, nayo imeingia sokoni, kwa bei ya jumla.

Kwa hiyo kabla ya kumdai mgombea ahadi yoyote, parokia, usharika na msikiti wafanye jambo moja gumu: watangaze mapema, kwa maandishi, kwamba tangu mwaka wa uchaguzi unapoanza hawatapokea mchango wa mtia nia yeyote hadi matokeo yatangazwe, na kwamba mwanasiasa akija kusali atakaa kwenye benchi kama waumini wengine. Paa litachelewa.

Baada ya Oktoba 2025

Siwezi kuandika haya kana kwamba uchaguzi uliopita haukutokea. Chadema, chama kikuu cha upinzani, hakikuwemo kwenye karatasi ya kura. Tarehe 29 Oktoba, siku ya kura, na siku zilizofuata kulikuwa na maandamano, vurugu na vifo, na Mwanza ni miongoni mwa miji iliyoguswa. Intaneti ilizimwa nchi nzima. Kuna familia zilizozika vijana, na kuna zilizokuwa zinatafuta.

Katika hali hiyo, mtu anaweza kuona ni utovu wa heshima kuzungumzia chanja na asilimia 10. Mimi naona vitu hivi vimefungwa pamoja. Tumeona kwamba wajibu wa kuondosha umaskini haudaiwi mahakamani, unadaiwa kwenye kura. Basi kura isipoweza kumwogopesha aliyeshindwa kutimiza, wajibu ule unabaki maandishi tu, na mama wa Igombe hana pa kwenda kabisa. Askofu anayedai uchaguzi wa haki na shehe anayedai maji ya mlimani wanadai kitu kimoja kutoka pande mbili.

Na kuna kazi isiyosubiri 2030. Vikao vya baraza la madiwani hufanyika kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Nimewahi kuingia mara mbili. Viti vya wageni vilikuwa karibu vitupu. Makadirio ya bajeti, taarifa za mikopo na hoja za ukaguzi zilisomwa huku sisi tunaojiita watetezi wa maskini tukiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Sisemi kwaya iache kuimba. Watu wanne tu, wawili kutoka jumuiya ndogo ndogo na wawili kutoka kamati ya msikiti, wakikaa pale kila robo mwaka na kalamu, diwani atajua majina yao kabla ya mwaka kwisha.

Mtaani kwetu tumeanza na hilo. Tunakutana Jumamosi jioni, nyumbani kwa mmoja wetu Mwislamu maana ana uwanja mpana na mwembe. Wiki ya kwanza tulibishana kwa saa nzima kama swali la kwanza liwe maji au mikopo, akina mama wakashinda, ikawa mikopo. Daftari ni la kawaida, la kurasa mia. Tumepiga mistari ya safu nne: swali, jina na cheo cha aliyejibu, tarehe aliyosema jambo litakuwa tayari, na kilichoonekana siku hiyo. Safu tatu za kwanza zina maandishi kwenye ukurasa mmoja na nusu. Ya nne bado ni nyeupe, na kikao kijacho cha baraza tumekiandika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu.